Manahodha Wengi, Chombo Kimya: Kwa Nini Sauti ya Kompyuta Hupotea, na Kwa Nini Garissa Inaumia Zaidi

Kuna neno moja ambalo tangu mwaka 2020 limekuwa kama salamu ya kila mkutano wa mtandaoni: "Hatukusikii." Anayeambiwa hivyo huinama, akagusa hiki, akabonyeza kile, akachomoa hedifoni akazirudisha, na midomo yake ikaendelea kucheza bila sauti. Wenzake husubiri dakika mbili, tatu, tano. Mwisho mwenyekiti husema, "Tuendelee, huyo atajiunga baadaye." Na aghalabu huyo anayeachwa nyuma ndiye aliye mbali zaidi, ndiye aliyeuhitaji mkutano ule kuliko wote.

Watu wengi hudhani kosa ni la mtandao. Wengine hudhani kosa ni lao wenyewe, kwamba hawakusoma kompyuta vya kutosha. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba mara nyingi si hivyo wala vile. Mtandao upo, kompyuta ni nzima, na aliyeketi mbele yake ana akili zake timamu. Tatizo ni kwamba vidhibiti vya sauti ndani ya kompyuta vimetawanywa mahali pengi, kila kimoja na mamlaka yake, na hakuna mahali pamoja panapokwambia ni kipi kimekunyamazisha. Wahenga wa pwani walishalisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kwa nini tuzungumzie Garissa

Mtu wa Nairobi asiposikika kwenye mkutano hupanda matatu akaenda mwenyewe. Mtu wa Garissa yuko zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi. Aliye Dadaab ana kilomita kama 100 nyingine hadi afike Garissa mjini. Aliye Mandera akitaka kwenda Nairobi kwa barabara, safari inapita kilomita elfu moja. Hata kushuka huku kwetu pwani, kuufuata mto Tana hadi Hola na Garsen, si safari ya asubuhi na kurudi jioni, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Kwa watu hawa huduma ya mtandaoni ndiyo inayowaokoa na safari ya siku mbili, na nauli, na wasiwasi wa usalama njiani.

Na huduma zenyewe zimehamia huko kwa kasi. Korona ilipoingia mwaka 2020, Mahakama ya Kenya ilipeleka kesi nyingi kwenye video, na hata baada ya maradhi kupungua utaratibu huo haukuondoka. Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua uwasilishaji wa kesi kwa njia ya kielektroniki nchi nzima. Leo wakili, shahidi au mkalimani anaweza kushiriki kesi bila kukanyaga mahakamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa kila mtu haki ya kusikizwa kwa usawa, na mshtakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo. Neno lenyewe ni kusikizwa. Sasa fikiria mkalimani wa Kisomali anayefuatilia kesi kwa video, na maikrofoni ya kompyuta imejichagua tundu lisilochomekwa kitu. Haki ya kikatiba imekwama kwenye menyu.

Elimu nayo ni hivyo hivyo. Kaskazini Mashariki imekosa walimu kwa miaka mingi, na baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Shule zilibaki na watoto bila wa kuwafundisha. Somo la mbali si dawa kamili ya pengo hilo, lakini ni mojawapo ya dawa zilizopo. Huko Dadaab tayari lilijaribiwa: kuanzia mwaka 2013 mradi wa BHER, ulioviunganisha vyuo vikuu vya York na British Columbia vya Kanada pamoja na Kenyatta na Moi vya hapa Kenya, ulisomesha wakimbizi na wenyeji kwa kuchanganya darasa la ana kwa ana na la mtandaoni. Wapo walimu waliopata stashahada na digrii kwa njia hiyo.

Kisha kuna riziki. Programu ya serikali ya Ajira Digital huwafundisha vijana kazi za mtandaoni, mojawapo ikiwa ni kunakili mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaweka kwenye maandishi. Kijana wa Garissa anayejua Kisomali, Kiswahili na Kiingereza ana mtaji mkubwa katika kazi hiyo na katika ukalimani wa mbali. Lakini mtaji wake wote unapita kwenye spika na maikrofoni. Sauti ikipotea dakika tano za mwanzo wa usaili, kazi imekwenda kwa mwingine.

Umeme na nyaya zimeanza kufika. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Nyaya za baharini zilizotua Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, zilishusha bei ya intaneti Kenya nzima. Ingekuwa aibu kubwa, baada ya kuvuta mkongo kutoka chini ya bahari hadi ukingo wa Tana, mtu akwamishwe na kitufe kilichofichwa.

Sauti husafiri vipi ndani ya kompyuta

Ili tuelewe inapopotelea, tuifuate njia yake. Chukulia uko kwenye mkutano na mwenzako anazungumza. Sauti yake inafika kwenye kompyuta yako kama data. Programu ya mkutano, iwe Zoom, Teams au Meet, inaipokea, na programu hiyo ina kiwango chake cha sauti na spika yake iliyochagua. Kama mkutano uko ndani ya kivinjari, kivinjari nacho kinaweza kuinyamazisha tovuti nzima. Kisha sauti inafika kwa mfumo wa uendeshaji, ambao una kiwango kimoja cha programu ile na kingine cha kompyuta yote. Mfumo unaamua iende kifaa gani: spika za ndani, hedifoni, televisheni au projekta. Halafu inaingia kwa draiva, ile programu ndogo ya mtengenezaji wa kadi ya sauti, ambayo huja na dirisha lake la mipangilio. Mwisho inafika kwenye kifaa chenyewe, nacho kina kirungu cha kuzungusha au swichi ya kuzima.

Hesabu hiyo inatoa malango saba kwa uchache, na sauti yako wewe, inayotoka kwenye maikrofoni kwenda nje, inapita mengine saba, pamoja na moja la ziada: ruhusa ya faragha. Lango moja tu likifungwa, matokeo ni yale yale, kimya. Ukimya hauna rangi. Hauelezi kama umetoka lango la kwanza au la mwisho.

Linganisha na simu. Simu pia ina sauti za aina nyingi: ya mlio, ya muziki, ya kengele, ya mazungumzo. Lakini kwenye simu nyingi za Android ukibonyeza kitufe cha ubavuni unaona mstari papo hapo, na kwa mguso mmoja zaidi unaziona zote pamoja. Kijana aliyelelewa na simu anapoketi mbele ya kompyuta ya mezani anatarajia hali hiyo, naye hana kosa kuitarajia.

Windows: nyumba iliyoongezwa vyumba

Kompyuta nyingi za ofisini, shuleni na kwenye saiba za Garissa hutumia Windows, kwa hiyo tuanze nayo. Nyumba za mji wa kale, Lamu au Mombasa, aghalabu hujengwa kwa kuongezwa: babu akajenga chini, mtoto akapandisha ghorofa, mjukuu akatoboa mlango kuelekea kwa jirani. Mwenyeji anapita gizani bila kujikwaa, lakini mgeni hupotea. Windows imejengwa hivyo.

Zamani kulikuwa na "Control Panel," na ndani yake dirisha la sauti. Windows Vista, iliyouzwa kwa umma Januari 2007, ilileta jambo jema: kila programu ikapata kiwango chake cha sauti, kwenye dirisha lingine liitwalo "Volume Mixer." Mwaka 2012 Windows 8 ikaja na ukurasa mpya wa mipangilio, bila kuuondoa ule wa zamani. Windows 10 ya mwaka 2015 ikauendeleza ule mpya, na mwaka 2018 ukaongezwa ukurasa wa sauti ndani yake, lakini mambo kadhaa muhimu yakabaki kwenye dirisha la kale. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, iliunganisha mengi, ila mwisho wa ukurasa wake wa sauti bado kuna maandishi "More sound settings." Ukiyabofya, linafunguka dirisha lile lile la kale, kama mlango wa nyuma unaoingia kwa babu.

Kwa hiyo kwenye kompyuta moja una alama ya spika pembeni mwa skrini, ukurasa mpya wa sauti, dirisha la kale la sauti, kichanganyio cha sauti za programu, ukurasa wa faragha ya maikrofoni, na dirisha la kampuni iliyotengeneza kadi ya sauti. Hayo ni kabla hujafungua Zoom.

Mitego inayowanasa watu zaidi ni mitano.

Mtego wa kwanza ni projekta na televisheni. Ukichomeka waya wa HDMI, mara nyingi Windows huamua yenyewe kwamba sauti sasa iende huko. Projekta ikiwa haina spika, sauti imetupwa jangwani. Mwalimu anaona video inacheza ukutani, mstari wa sauti uko juu kabisa, na darasa halisikii kitu.

Mtego wa pili ni kuwa na vifaa viwili vya msingi. Windows hutofautisha kifaa cha sauti za kawaida na kifaa cha mawasiliano. Muziki unaweza kutoka kwenye spika huku programu ya simu ikipeleka sauti kwenye hedifoni zilizo kabatini. Mtu hujaribu kwa kucheza wimbo, akausikia vizuri, akasema sauti iko sawa. Kumbe wimbo na mkutano havipiti njia moja.

Mtego wa tatu umejificha zaidi. Kwenye dirisha la kale kuna sehemu iitwayo "Communications," na chaguo lililowekwa tangu kiwandani ni kupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80 kila Windows inapohisi kuna mazungumzo. Mtu anayenakili rekodi huku programu ya simu imefunguka nyuma hushangaa sauti imefifia ghafla. Atalaumu hedifoni, atanunua nyingine, na hali itabaki vile vile.

Mtego wa nne ni hedifoni za Bluetooth. Nyingi haziwezi kutoa muziki wa ubora wa juu na kupokea maikrofoni kwa wakati mmoja, kwa hiyo maikrofoni ikiwashwa sauti hushuka ubora na kuwa kama ya simu ya upepo. Windows 10 ilikuwa ikizionyesha hedifoni hizo mara mbili kwenye orodha, kwa majina mawili yanayokaribiana, na ukichagua jina lisilo sahihi husikiki.

Mtego wa tano ni ruhusa. Windows ina ukurasa wa faragha ambapo maikrofoni inaweza kuzuiwa kwa programu zote au baadhi. Ni kinga nzuri, kwa kuwa hakuna anayetaka programu zimsikilize bila idhini. Shida ni kwamba ukizuiwa huko, ukurasa wa sauti hautakwambia waziwazi.

Kuna pia jambo linaloihusu mikoa yetu moja kwa moja. Kompyuta nyingi tunazonunua ni zile zilizotumika ng'ambo, tunazoziita "ex-UK." Ni kompyuta imara na bei yake inafikika, lakini kasha la mezani kwa kawaida halina maikrofoni ndani. Mtu hufungua mipangilio kutafuta maikrofoni ambayo haipo. Au anachomeka hedifoni za simu, zenye pini moja yenye pete tatu, kwenye kasha lenye matundu mawili, moja la spika na moja la maikrofoni. Atasikia lakini hatasikika. Kifaa kidogo cha kugawa pini hiyo kuwa mbili, au hedifoni za USB, kingemaliza tatizo hilo.

Linux na Mac nazo

Jambo hili lina uzito mpya kwa sababu Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki na Windows 11. Wapo mafundi wanaozihamishia Linux, ambayo ni ya bure na huendelea kupata masasisho. Ni njia nzuri, lakini kwa upande wa sauti usidhani umeukwepa mkanganyiko.

Linux ina tabaka la chini liitwalo ALSA, linalozungumza na kadi ya sauti. Juu yake likaja PulseAudio, ambalo Fedora ililianza kulitumia kama kawaida mwaka 2007 na Ubuntu mwaka 2008. Sasa linarithiwa na PipeWire, lililoingia Fedora mwaka 2021 na Ubuntu mwishoni mwa 2022. PipeWire imeleta nafuu, kwa kuwa inaelewana na programu zilizoandikwa kwa ajili ya watangulizi wake. Lakini bado inawezekana ukurasa wa mipangilio ukuonyeshe sauti iko juu, huku tabaka la chini la ALSA limenyamazishwa, na ili ulione inakubidi ufungue dirisha jeusi na kuandika amri "alsamixer." Fundi anajua. Mwalimu wa Ijara aliyeletewa kompyuta ya msaada hatajua.

Mac ni nadhifu zaidi kwa macho. Ukurasa wa sauti ni mmoja, mfupi. Lakini ruhusa ya maikrofoni iko ukurasa mwingine wa faragha, mipangilio ya kina iko kwenye programu ya pekee iitwayo "Audio MIDI Setup," na mfumo wenyewe hauna mahali pa kupunguza sauti ya programu moja bila nyingine. Unadhifu umepatikana kwa kuviondoa vitu, si kwa kuvipanga.

Asiyeona hupoteza kompyuta nzima

Kwa anayeona, sauti ikipotea ni kero. Kwa asiyeona ni sawa na skrini kuzimika. Watu wasioona hutumia programu za kusoma skrini kwa sauti. Iliyo maarufu kwa kuwa ni ya bure ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Windows ina yake, "Narrator," na Linux ina Orca.

Sasa fikiria mwanafunzi asiyeona ameketi kwenye maabara ya kompyuta, na aliyemtangulia alichomeka projekta kisha akaondoka. Sauti imeelekezwa kwa projekta. Ili kuirudisha lazima afungue mipangilio, na ili aisome mipangilio anahitaji sauti. Amefungiwa nje na funguo ziko ndani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vya ulemavu wake. Kifaa kinachonyamaza bila kujieleza bado hakijamfikia.

Kwa nini haya hayarekebishwi

Mtu atauliza: kampuni zenye mabilioni zinashindwaje kuweka vitufe mahali pamoja? Sababu ni tatu, na ni vyema tuzijue ili tusilalamike ovyo.

Kwanza, utangamano. Kuna programu za hospitali, studio na viwanda zinazotegemea dirisha la kale. Ukilibomoa, kuna mtu mahali fulani kazi yake itasimama. Kwa hiyo la kale huachwa, na jipya hujengwa kando.

Pili, mgawanyo wa kazi. Anayetengeneza ukurasa wa sauti si anayetengeneza ukurasa wa faragha, na mwenye draiva yuko kampuni nyingine kabisa. Kila mmoja ameimaliza sehemu yake vizuri. Hakuna aliyepewa jukumu la njia nzima, kuanzia mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji.

Tatu, wanaobuni hujaribu mambo yao kwenye kompyuta mpya, yenye kifaa kimoja cha sauti, kwenye ofisi yenye fundi. Hawajakaa saiba ya Garissa, yenye kompyuta ya miaka kumi, hedifoni za kuazima, na mteja anayelipia kwa dakika.

Mwaka 1994 mtaalamu Jakob Nielsen alichapisha kanuni kumi za kubuni mifumo inayotumika kwa urahisi. Ya kwanza kabisa inasema mfumo uwe ukimjulisha mtumiaji wakati wote kinachoendelea. Kompyuta inayojua kwamba programu fulani inataka maikrofoni na imezuiwa, lakini ikakaa kimya, imevunja kanuni hiyo. Haki itajwe: mambo yanaboreka. Tangu 2023, kwenye Windows 11 ukibonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na V kwa pamoja, inafunguka orodha moja yenye vifaa vyote na sauti ya kila programu. Programu za mikutano nazo zimeanza kukwambia, "Unazungumza lakini umejizima." Maneno machache namna hiyo yameokoa mikutano mingi.

Utaratibu wa kukagua

Mpaka wakubwa watengeneze, nasi tufanye letu. Siri ni kutogusa ovyo. Ukigusa vitu vitano kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na huenda umefunga vingine vinne. Anza nje, ingia ndani.

1. Angalia kifaa chenyewe. Pini imeingia hadi mwisho? Ni tundu sahihi? Kuna swichi kwenye waya wa hedifoni? Kompyuta nyingi za mapajani zina kitufe cha kuzima sauti au maikrofoni kwenye safu ya juu, pengine chenye taa ndogo. Ukichomeka hedifoni likaibuka dirisha linalouliza umechomeka nini, usilifunge, lijibu.

2. Jaribu nje ya mkutano. Cheza sauti yoyote. Ikisikika, spika na draiva ni sawa, na tatizo liko kwenye programu ya mkutano au kwenye kifaa cha mawasiliano.

3. Bofya alama ya spika chini ya skrini upande wa kulia, kisha chagua kifaa unachotaka kutoka kwenye orodha. Ukiona jina la televisheni au projekta, umempata mwizi.

4. Fungua ukurasa wa sauti, nenda sehemu ya maikrofoni, na uzungumze. Kuna mstari unaopanda na kushuka. Ukitikisika, kompyuta inakusikia. Ukitulia tuli, maikrofoni si hiyo, imezimwa, au haipo.

5. Fungua kichanganyio cha sauti uone kama programu ya mkutano imeshushwa peke yake.

6. Fungua ukurasa wa faragha, sehemu ya maikrofoni, uhakikishe ruhusa imetolewa. Kama unatumia kivinjari, bofya alama iliyo kando ya anwani ya tovuti uangalie ruhusa hapo pia.

7. Ndani ya programu ya mkutano, fungua mipangilio yake ya sauti, uchague spika na maikrofoni kwa majina. Usiiachie ijichagulie. Kisha toka mkutanoni na uingie upya, kwa sababu programu nyingine hushika kifaa pale unapoingia tu.

Yote yakishindikana na muda unakimbia, tumia simu kwa sauti na kompyuta kwa picha. Ukifanya hivyo, hakikisha kompyuta haijaunganishwa na sauti ya mkutano, la sivyo mwangwi utawatoa watu wote.

Lililo juu ya ofisi zetu

Haitoshi kumwambia mwananchi ajifunze. Mahakama, vyuo, kaunti na mashirika yanayowaita watu kwenye video yana wajibu pia. Nusu saa kabla ya kikao, ufunguliwe mlango wa kujaribu sauti, awepo mtu wa kupokea. Kanuni za kikao ziseme wazi kwamba asiyesikika hahesabiwi kuwa hayupo mpaka apigiwe simu. Kila chumba cha umma chenye kompyuta kiwe na hedifoni za USB, na karatasi moja ukutani yenye hatua hizi, kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Gharama yake haifiki hata nauli ya mjumbe mmoja kwenda warsha Nairobi.

Anayenunua kompyuta za shule naye aulize maswali mawili kabla ya kutia saini: ina maikrofoni? Na mtoto asiyeona ataitumiaje? Mafundi wetu, wanaozisafisha hizi "ex-UK" kabla ya kuziuza, wanaweza kuzima kile chaguo cha kupunguza asilimia 80, kuondoa draiva zisizo na kazi, na kuacha kifaa kimoja tu kwenye orodha. Ni kazi ya dakika kumi, na mteja hatarudi na malalamiko.

Na sisi tulio huku upande wa pili, tunaoendesha mikutano kutoka Mombasa, Malindi au Lamu, tuna letu dogo. Tukimwona mwenzetu wa Garissa anacheza midomo bila sauti, tusikimbilie kusema tuendelee. Tumwandikie kwenye gumzo la mkutano, neno moja moja: angalia swichi, angalia alama ya spika, angalia ruhusa. Mtu aliyechimba kisima kilomita mia kutoka mjini ana jambo la kutwambia kuhusu maji, na kulisikia hilo kunastahili dakika tano za subira.